Bila Ada, Bila Haya

Pembeni ya Soko la Majengo hapa Dodoma, ukitokea upande wa vitunguu, kuna kibanda cha wakala chenye bango jekundu: TUMA PESA NJE YA NCHI BILA ADA. Maneno saba. Nimesoma riwaya za kurasa mia nne zisizo na uongo mwingi kiasi hicho. Na kibaya zaidi, uongo huo niliusambaza mimi mwenyewe, mwandishi wa habari niliyesomeshwa hadi chuo kikuu, ninayejidai kazi yangu ni kusoma maneno ya watu na kuuliza yamebeba nini.

Jirani yangu ni mwalimu wa shule ya msingi inayofundisha kwa Kiingereza. Katokea Masaka, Uganda, na huu ni mwaka wa sita tunapakana uani. Tukisema "diaspora" huku kwetu, kila mtu anamwona Mtanzania aliyevaa koti zito London au Minneapolis, anayetuma dola nyumbani na kuandika mashairi ya kukumbuka embe. Hakuna anayemfikiria Mwalimu. Lakini diaspora wa Majengo ndiye yeye: analipwa kwa shilingi ya Tanzania, mama yake na binti yake wanaishi kwa shilingi ya Uganda, na katikati pana mto ambao kila anayekuvusha anakata chake.

Mwanzoni mwa Februari, shule za kwao zinapofunguliwa, aliniuliza: "Mdogo wangu, wewe mtu wa habari, nipitishe wapi hii ada ya mtoto?" Nikamjibu kwa kujiamini kabisa: "Nenda pale sokoni, Mwalimu. Wale hawana makato." Akaenda na laki tatu.

Siku ile shilingi yetu moja, ukichukua kiwango kilichoko katikati ya bei ya kununua na bei ya kuuza, ilikuwa kama 1.40 ya Uganda. Kibandani akapewa 1.28. Kwa hiyo laki tatu, ambayo ingekuwa 420,000 kule, ikafika 384,000. Risiti ninayo, aliniachia: ADA: 0. Hawakudanganya hata herufi moja. Ila shilingi 36,000 za Uganda, zaidi ya asilimia 8 ya pesa yote, ziliishia njiani bila kutajwa popote. Binti alifika shuleni na pungufu, akarudishwa nyumbani mpaka salio likamilike. Siku nne wenzake wanasoma, yeye anachota maji kwa bibi yake.

Jioni tulikaa uani tukapiga hesabu upya, yeye na daftari lake la wanafunzi, mimi na aibu yangu. Siku ileile kulikuwa na njia nyingine, ya simu, ambayo mimi mwenyewe nilimwambia aiepuke kwa sababu "ina ada". Ada yenyewe 6,000, kiwango 1.38. Ukitoa hiyo 6,000 kwenye laki tatu, zinabaki 294,000, na kule zingefika 405,720. Njia yenye ada ingempa mtoto 21,720 zaidi ya njia isiyo na ada. Mwalimu aliitazama hiyo namba muda mrefu, kisha akasema tu, "Kumbe bure ni ghali." Hakunilaumu. Ningependa angenilaumu.

Sasa, watu wa fasihi, mnaijua *Hawala ya Fedha*. Baadhi yetu tulikutana nayo tukiwa wanafunzi, tamthiliya ya Amandina Lihamba iliyotokana na hadithi ya Sembène Ousmane, ile ya mwaka 1966 ambayo Sembène mwenyewe aliitengenezea filamu, *Mandabi*, mwaka 1968. Katika hadithi ya Sembène, Ibrahima Dieng wa Dakar anatumiwa hawala ya faranga 25,000 na mpwa wake anayefagia mitaa ya Paris. Sehemu kubwa ya pesa hizo hata si zake, ni za kumtunzia kijana mwenyewe, na nyingine ni za mama wa kijana. Posta wanataka kitambulisho. Kitambulisho kinataka cheti cha kuzaliwa, picha na stempu. Kila mlango una mkono umenyooshwa. Mwishowe anamwamini jamaa yake msomi, Mbaye, amtolee pesa hizo, na Mbaye anarudi na hadithi ya kuibiwa pamoja na mchele wa kumnyamazisha.

Na sisi tumeifanya nini kazi hii? Tumeijibia mtihani. Dhamira: urasimu, rushwa, ukoloni mamboleo, ujinga. Alama zote. Tukafunga kitabu tukiamini kwamba tatizo la Dieng lilikuwa kukosa karatasi. Basi mtazameni Mwalimu. Ana kibali cha kuishi, ana pasipoti, laini yake imesajiliwa kwa alama za vidole, anasoma na kuandika lugha tatu. Kila alichokikosa Dieng yeye anacho. Na bado katumiwa Mbaye. Mbaye wa leo hahitaji hadithi ya kuibiwa, amehamia nyuma ya nukta ya desimali, kati ya 1.28 na 1.40, na pale hakuna mtu anayemtafuta. (Ukiniuliza, kwenye kisa hiki Mbaye nilikuwa mimi, msomi wa mtaa anayeulizwa na kujibu bila kuangalia. Tuendelee.)

Hoja yangu ni kwamba tumeshindwa kuupa jina mkato huu, na pesa isiyo na jina haidaiwi. Kumbukeni Julai 2021. Serikali ilipoleta tozo ya miamala ya simu, nchi nzima iliwaka. Kwenye daladala, saluni, vijiwe vya kahawa, kila mtu alikuwa mchumi. Kiwango cha juu kabisa kilikuwa shilingi 10,000 kwa muamala, na Septemba mwaka huohuo ikashushwa kwa asilimia 30, kisha ikaendelea kupunguzwa miaka iliyofuata. Watu walipambana nayo kwa sababu ilikuwa na jina, tena jina fupi, na ilikuwa na mstari wake kwenye meseji. Ulikuwa unaiona. Mwalimu kakatwa kwa mkupuo mmoja zaidi ya elfu ishirini na tano za kwetu, mara mbili na nusu ya tozo ile ya juu kabisa, na hakuna kijiwe kilichotikisika.

Lugha yetu si maskini kwa jambo hili, msije mkanipa kisingizio hicho. Mtanzania yeyote akikuomba pesa anasema "weka na ya kutolea". Hakuna kamati iliyokaa kuunda msemo huo. Watu walikatwa, wakaona kinachokatwa, wakakipa jina, na jina likageuka adabu: ukimtumia mama yako bila ya kutolea, umemtumia pungufu na ndugu watakusema. Sasa kwa pesa inayovuka mpaka tunahitaji ndugu ya msemo huo. Mimi naitaka "ya kubadilishia". Nimetoa laki tatu, ada elfu sita, na ya kubadilishia elfu ngapi? Ukiuliza hivyo kibandani, bango lote linaanguka.

Na hili si la Majengo peke yake. Malengo ya Maendeleo Endelevu yanataka gharama ya kutuma pesa ya wahamiaji ishuke chini ya asilimia 3 ifikapo 2030, na pasiwe na njia inayozidi asilimia 5. Benki ya Dunia inapopima gharama hiyo hufanya kile ambacho bango halifanyi: inajumlisha ada pamoja na kinachokatwa kwenye kiwango cha kubadilishia. Na kwa kipimo hicho, ripoti zake zimeitaja njia ya Tanzania kwenda Uganda miongoni mwa njia ghali kabisa duniani, zaidi ya asilimia 20 ya pesa inayotumwa. Tanzania na Uganda! Nchi zinazochangia ziwa, lugha, jumuiya moja na wimbo wa jumuiya hiyo. Marais walitia saini Itifaki ya Umoja wa Fedha jijini Kampala tarehe 30 Novemba 2013 wakiahidi sarafu moja ifikapo 2024. 2024 ikapita, tarehe ikasogezwa hadi 2031. Binti wa Masaka atakuwa ameshamaliza shule.

Mtu atasema: basi tupe njia iliyo nafuu tuondoke. Sina njia moja, na mwenye nayo moja anauza kitu. Benki inakata ada kubwa isiyojali kiasi, na pesa ikipitia benki za kati, zile nazo zinaweza kumega. Kwa mtu anayelipa ada ya chuo ya mwaka mzima inaweza kuwa na maana, kwa laki tatu ni kuua mbu kwa rungu. Simu kwenda simu imekuwepo kwa majirani zetu kwa zaidi ya miaka kumi, Rwanda tangu 2014, Kenya kupitia M-Pesa tangu 2015, na kwa kiasi kidogo mara nyingi ndiyo inayoshinda, lakini si kila siku. Yapo makampuni makubwa ya kimataifa, yenye ada leo na ofa kesho. Yupo dereva wa basi, ambaye hatoi risiti lakini anamjua mama yako. Na kiwango hubadilika, kwa hiyo mshindi wa Jumatatu anaweza kuwa mwizi wa Ijumaa. Swali linalofaa siku zote ni moja: nikitoa hizi zote, zikiwemo ada, mpokeaji atashika ngapi mkononi? Uliza sehemu mbili au tatu, siku moja, saa moja. Anayekataa kujibu ameshajibu.

Kwenye kikao chetu cha vitabu nililisema hili, na mwenzangu mmoja, mshairi mzuri tu, akanikatisha: "Kaka, hii fasihi au somo la biashara?" Watu wakacheka. Nikakosa jibu pale, kama kawaida yangu, nimelipata nikiwa njiani kurudi. Jamani, tumefanya semina ngapi kuhusu uhamisho, ugenini, kumbukumbu, "utambulisho"? Gurnah alipopata Nobel mwaka 2021 tuliandika kurasa kwa kurasa juu ya majeraha ya kuondoka. Sawa, nami niliandika. Lakini mhamiaji hakumbuki tu nyumbani, anakulipia. Kila mwisho wa mwezi uhusiano wake na mama yake unapita kwenye kidirisha cha mtu, na kwenye kidirisha kile kuna maandishi: bango, meseji, risiti. Kama sisi tunaojiita wasomaji hatuwezi kusoma risiti yenye mistari sita na kugundua kilichofichwa katikati ya wa tatu na wa nne, basi uhakiki wetu ni wa nini? Sembène aliipa hadithi yake jina la kipande cha karatasi cha posta. Hakuona kwamba kimepungukiwa ufasihi.

Nimemtendea haki pia kijana wa kibandani, maana nilirudi kumuuliza. Hapangi kiwango yeye, kinatoka juu, kamisheni yake ni ndogo, na bango alilikuta. Waliomwajiri nao wana la kusema: wanapaswa kuwa na fedha za kigeni tayari, sarafu zinapanda na kushuka, hasara ikija ni yao. Nakubali. Fanya biashara, kata, kula. Lakini andika. Marekani tangu Oktoba 2013 kampuni ya kutuma pesa inalazimika kumwonyesha mtumaji, kabla hajalipa, ada, kiwango na kiasi atakachopokea yule wa upande wa pili. Hakuna kampuni iliyokufa kwa kuandika mstari mmoja. Benki Kuu yetu ina kanuni za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha tangu 2019; nataka ziguse neno "bila ada". Atakayelitumia aandike chini yake, kwa herufi za ukubwa uleule, ya kubadilishia ni kiasi gani. Na kama hawezi, bango lishuke.

Mwezi uliopita nilimsindikiza Mwalimu sokoni. Alisimama mbele ya kijana yuleyule.

"Nikikupa laki mbili na nusu, mama yangu Masaka atashika ngapi?"

"Hakuna ada, mama."

"Sikuuliza ada, mwanangu."

Kijana akaangalia simu yake, akaangalia bango, akataja namba. Mwalimu akaiandika daftarini, akashukuru, akavuka barabara kwenda kwa wakala wa pili. Daftari ni lilelile la wanafunzi, amelipiga mistari kwa rula: tarehe, njia, nilichotoa, alichoshika. Safu ya mwisho ameipa kichwa kwa kalamu nyekundu ya kusahihishia: *ya kubadilishia*.