Onyo halizimwi kwa maneno matupu

Leo nina neno na wenzangu waandishi wa programu.

Java 8 ilipotoka mwaka 2014, Javadoc yake ilianza kukagua maelezo kwa ukali. Palipokosekana maelezo ilitoa onyo. Palipoharibika HTML iligoma kabisa. Wengi walifanya nini? Waliongeza -Xdoclint:none, kelele zikaisha. Pengo likabaki pale pale.

Wengine hujaza bora liende. Fanksheni inaitwa rudishaPesa, maelezo yake: "Hurudisha pesa." Jamani! Hilo hata jina limeshasema. Mimi nataka kujua: mtandao ukikatika katikati na ombi likatumwa tena, mteja atarudishiwa pesa mara mbili? Kiasi kinaandikwa kwa shilingi au kwa senti?

Maoni yangu ni haya: heri onyo libaki kuliko maelezo matupu. Onyo linasema kweli, kwamba hapa hapajaelezwa. Maneno matupu yanadanganya, na hakuna atakayerudi kuyakagua.

Anzeni na sehemu zinazogusa pesa na siri za watu. Aandike anayezijua, asome asiyezijua. Akielewa bila kuuliza, hapo onyo lifutwe.

Wewe waonaje?