Sayansi ya Ufizi na Meno ya Matisi

Mwaka 2004 watafiti walitangaza katika jarida la Lancet kwamba nyuzi zinazofunga jino kwenye taya zina seli shina, yaani seli changa ziwezazo kugeuka kuwa mfupa au nyama. Mwaka 2009 seli za namna hiyo zilithibitishwa katika ufizi wenyewe, ambao hupona upesi ukikatwa. Nia ya wataalamu ni kuzitumia kurejesha mfupa na nyama iliyoliwa na ugonjwa wa fizi.

Hizo ni habari njema. Lakini je, mkazi wa Matisi, kando ya mji wa Kitale, atafaidika vipi? Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa takriban watu wazima 98 katika kila 100 nchini Kenya walitokwa na damu fizini. Damu hiyo ni onyo la mapema, nasi huipuuza hadi jino lilegee na kung'olewa. Likishang'olewa, hakuna tena jino la kushikiliwa. Hata palipo na jino, tiba hiyo haiwezi kufaulu penye ukoga.

Basi serikali ya kaunti ya Trans Nzoia, iliyokabidhiwa huduma za afya kwa ugatuzi wa mwaka 2013, isingojee maabara za ng'ambo. Iweke maafisa wa afya ya kinywa katika zahanati za mitaani, ukoga uondolewe mapema. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ujenzi wa ukuta huu ungali majaribioni.