Nasi Tuonyeshwe Mizani



Kila mchuma chai anajua kazi ya mizani. Karani akipima peke yake, huandika kilo anazotaka, nasi tukapokea mshahara wa kilo hizo. Ndiyo maana vyama vya wafanyakazi hudai jambo ambalo ni jepesi kulisema na gumu kulipata: mchumaji asimame mbele ya mizani, aone sindano, aone na kinachoandikwa. Leo tunaitaja mizani hiyo kwa sababu kuna zao jingine linalochumwa kwetu, nalo ni habari za miili yetu.

Tarehe 10 Desemba 2025, serikali yetu na serikali ya Marekani zilitia sahihi mapatano ya afya ya miaka 5. Marekani ilisema itatoa hadi dola bilioni 1.7, na Uganda iliahidi kuongeza dola milioni 500 katika matumizi yake ya afya. Fedha hizo ni za kupambana na Ukimwi, kifua kikuu na malaria, na pia za mitambo ya kukusanya habari za wagonjwa.

Hatuandiki ili kuyatukana mapatano hayo. Kompyuta zahanatini si adui wetu. Tangu mwaka 2012 Wizara ya Afya imekuwa ikikusanya hesabu za wagonjwa nchi nzima kwa programu ya DHIS2, iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Oslo huko Norwei, nayo hutolewa bure. Mwaka 2011 ulianza mpango wa mTrac, uliosaidiwa na UNICEF, ambao wahudumu wa vijijini walituma kwa simu idadi ya wagonjwa wa malaria na dawa zilizobaki, ili wakubwa wajue upungufu mapema. Mkata miwa anayehama shamba hadi shamba hunufaika pale matibabu yake yanapojulikana kila aendako. Mambo haya ni mema, na anayeyakataa hajakesha na mgonjwa.

Lakini tumeona na upande wa pili. Katika shamba moja ambalo hatulitaji, mwenzetu alianza dawa za kifua kikuu kwenye zahanati ya shamba. Wiki mbili hazikwisha, mnyapara akamwambia mbele ya watu kwamba wanaokohoa hawatakiwi. Msimu uliofuata jina lake halikuwamo katika orodha ya vibarua. Tulipouliza, tukajibiwa kwamba kazi imepungua. Tulipochunguza, tulikuta kompyuta ya zahanati na ile ya mishahara ziko chumba kimoja, chini ya karani mmoja. Tangu siku hiyo watu wa kambi ile huficha kikohozi. Wengine hutembea mbali kutafuta dawa wasikojulikana, na wengine hawaendi kabisa. Hivyo ndivyo ugonjwa unavyoenea kambini.

Ikiwa habari zilivuja kutoka meza hadi meza, itakuwaje zikivuka bahari? Jirani zetu wa Kenya walitia sahihi mapatano ya namna hiyo tarehe 4 Desemba 2025. Wiki moja baadaye, baada ya shirika la kutetea watumiaji bidhaa kwenda mahakamani, Mahakama Kuu ilisimamisha kwa muda kupelekwa nje kwa habari za wagonjwa. Wenzetu hao hawakukataa dawa. Waliuliza mizani iko wapi.

Sheria tunayo. Sheria ya Uganda ya mwaka 2019 ya kulinda habari za watu inazihesabu habari za afya kuwa za kulindwa zaidi. Zikipelekwa nje, inataka ziende penye ulinzi usiopungua wetu, au mwenyewe akubali. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inakataza kumbagua mfanyakazi kwa sababu ya virusi vya Ukimwi. Lakini sheria iliyofungiwa kabatini haimlindi mtu, na mfanyakazi anayeweka dole gumba kwenye fomu asiyosomewa hajakubali kitu.

Tena kuna hatari ya kusimama kwa mguu wa mwingine. Tarehe 20 Januari 2025 Rais wa Marekani aliamuru misaada ya nje isimamishwe kwa siku 90. Wahudumu wengi waliolipwa kwa fedha hizo, pamoja na makarani wa takwimu, walipoteza kazi. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Kwa hiyo twasema hivi:

1. Kompyuta ya zahanati itengwe na ofisi ya mwajiri, na mnyapara asijue ugonjwa wa mtu.

2. Kila fomu isomwe kwa lugha anayoielewa mfanyakazi, naye aelezwe habari zake zinakwenda wapi na kwa kazi gani.

3. Serikali iyatangaze mapatano yote waziwazi, na iwafundishe na kuwalipa vijana wetu wenyewe waendeshe mitambo hiyo.

Wawakilishi wa matawi, msingoje Kampala iwaletee haya. Dai la kwanza na la pili yaingizeni katika mkataba wa pamoja mtakapokutana na mwajiri. Nawe mfanyakazi, nenda ukatibiwe, usijifiche. Lakini kabla ya kuweka dole gumba, sema: nisomee kwanza.

Umoja wetu ndio nguvu yetu.