Rangi Inabanduliwa na Haraka Zetu, Dogo Anakatwa Posho

Wadau, leo naomba tuiweke siasa pembeni kidogo tuzungumzie jambo linalotugusa wengi kila Jumamosi: kuosha gari.

Ukishuka kutoka Nkoaranga kwenda barabara kuu ya Arusha–Moshi wakati wa masika, gari linavaa tope mpaka vioo. Kiangazi linavaa vumbi. Ndiyo maana vijiwe vya kuoshea magari vyenye mashine za presha havikosi wateja, na ndiyo maana pia havikosi ugomvi. Tajiri anarudi, anaona kipande cha rangi kimebanduka kwenye ukingo wa bampa, anafoka: "Dogo, umeniharibia gari!" Dogo anakatwa posho. Kesi imekwisha.

Mimi nasema hukumu hiyo ni ya uonevu.

Rangi ya kiwandani, tabaka zote pamoja, ina unene wa kama milimita 0.1 hadi 0.15 tu. Klia ya juu mara nyingi ni nyembamba kuliko unywele. Hata hivyo, rangi iliyoshika vizuri haiogopi maji. Inayobanduka ni ile ambayo tayari ina mlango: palipogongwa na kokoto, penye ufa, penye kutu kwa chini, au palipojazwa pati na kupigwa rangi bila kusuguliwa msasa sawasawa. Maji ya presha yakiupata mlango huo, yanaingia chini na kuinyanyua rangi kama ganda la ndizi.

Sasa tuambiane ukweli. Magari yetu mengi yametumika Japani kabla ya kufika hapa, na mengine yamepita kwa mafundi wa bodi mara mbili tatu. Mwenye gari anajua mlango upi ulinyooshwa na bampa lipi lilipigwa rangi wiki iliyopita, wakati rangi mpya inahitaji kama mwezi mmoja kabla ya kukutana na presha. Dogo hajui. Tajiri kanyamaza, kakabidhi funguo, kaenda kunywa soda. Nani mkosaji hapo?

Wapo wanaosema dawa ni kurudi kwenye ndoo na tambara. Hapana jamani! Mlima Meru ni volkano, iliyolipuka mara ya mwisho mwaka 1910, na vumbi la huku lina chembechembe ngumu za majivu yake. Ukipitisha tambara juu ya vumbi hilo kabla ya kulitoa, unapiga gari lako msasa. Mashine ikitumiwa vizuri ina faida kubwa, maana inaondoa mchanga bila kitu kigumu kuigusa rangi.

Na kuitumia vizuri si elimu ya chuo kikuu. Gari liwe kivulini na bodi iwe imepoa. Lilowe kwanza, kisha lipakwe povu, likae dakika chache bila kukauka. Presha ya psi 1,200 hadi 1,900 inatosha. Mashine nyingi za biashara zinavuka hapo, kwa hiyo ipunguzwe. Itumike nozeli ya kutawanya maji, ya nyuzi 40 au 25. Ile ya nyuzi 0, inayotoa maji kama sindano, isilisogelee gari kabisa. Umbali usipungue sentimita 30, na uongezwe kwenye kingo, stika, raba za milango na ubavu wa matairi. Maji yapige kwa mshazari na mkono usisimame sehemu moja.

Kama ni rahisi hivyo, kwa nini hayafanyiki? Kwa sababu yetu sisi. Vijana niliozungumza nao wanalipwa kwa idadi ya magari, si kwa saa. Mwenye kijiwe kanunua mashine yenye nozeli kadhaa, zimepotea, imebaki moja, na hiyohiyo ndiyo ya bodi, ya matairi na ya chasisi. Halafu mteja anasimama na simu mkononi: "Fanya haraka, sogeza karibu, tope lile pale!" Dogo anasogeza mpaka sentimita tano. Rangi inaruka. Aliyeamuru anageuka kuwa mlalamikaji, shahidi na hakimu.

Na kuna jambo zito kuliko rangi. Maji yanayobandua rangi yanaweza pia kutoboa ngozi. Kidonda kinaonekana kidogo kama cha sindano, kumbe ndani maji na uchafu vimesambaa, na hiyo ni dharura ya kupelekwa hospitali siku hiyohiyo. Vijana wetu wanaosha magari wakiwa wamevaa kandambili! Tunapiga kelele kwa mkwaruzo wa bampa, lakini hatuulizi buti ziko wapi.

Kwa hiyo wenye vijiwe: nunueni nozeli na buti, na msimkate kijana posho kwa rangi iliyokuja ikiwa imekufa. Wenye magari: zungukeni gari pamoja na kijana kabla hajawasha mashine, mwonyesheni palipopigwa rangi, kisha mpeni muda. Ukitaka gari lioshwe kwa dakika kumi, usimdai mtu rangi.

Naomba kutoa hoja.