Bei ya Motokaa na Iwekwe Bayana

Sisi wakazi wa Butimba tumejaliwa ziwa upande mmoja na vilima vya mawe upande wa pili, na mtu akiulizwa kwa nini anatafuta motokaa ndogo ya gia za mkono katika zama hizi ambapo nyingi zitokazo Japani hujibadilishia gia zenyewe, jawabu lake liko katika njia ya kwenda nyumbani kwake. Motokaa ya namna hii hukwea mlima kwa gia ya kwanza, huteremka ikizuiwa na injini yake pasi na kuunguza breki, betri ikifa majirani huisukuma ikawaka, na klachi ikichakaa fundi wa mtaani huibadilisha. Mwalimu, muuguzi au mchuuzi wa dagaa anayeinunua hanunui fahari. Ananunua chombo cha kazi, aghalabu kwa akiba ya miaka mingi, na kwa hiyo kila shilingi anayozidishiwa imetoka katika chakula na karo ya watoto wake.

Nasema haya kwa kuwa yamenifika. Nilipokwenda kununua yangu katika yadi moja mjini Mwanza, muuzaji alinipokea kwa murua, akanitajia bei, na kabla sijafumbua kinywa akaongeza lile neno tulilolizoea sote, kwamba maongezi yapo. Tukaongea tangu asubuhi hata adhuhuri. Akapunguza shilingi milioni moja huku akiapa kwamba hapati kitu, nami nikarudi nyumbani nikijiona hodari wa kupatana, mpaka mwenzangu mmoja aliponiuliza swali ambalo sikuwa na jawabu lake: hiyo bei imeundwa na nini? Hapo nikatambua kwamba nimepunguziwa katika kiasi nisichokijua asili yake, na mtu wa hali hiyo hawezi kujua kama amepata nafuu au amebembelezwa tu.

Na tuanze na neno lenyewe “mpya”, kwa maana ndilo mlango wa kwanza wa hadaa. Katika yadi zetu nyingi motokaa mpya ni ile iliyoshushwa melini Dar es Salaam ikaletwa ziwani ikiwa haijapata namba ya usajili ya Tanzania, ijapokuwa huko Japani imekwisha kutumika miaka kumi na zaidi. Umri huo si jambo dogo, kwa sababu kodi hufuata umri. Kwa viwango vilivyotumika miaka ya karibuni, ushuru wa forodha ni asilimia 25 ya thamani ya motokaa pamoja na bima na nauli yake hadi bandarini. Injini isiyozidi sentimita za ujazo 1,000 husamehewa ushuru wa bidhaa wa ukubwa wake, lakini motokaa iliyopita miaka 10 huongezewa, kwa uchakavu, asilimia 30 ya thamani hiyo pamoja na ushuru wake wa forodha. Kisha juu ya jumla hiyo huja kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18. Tuchukue mfano wa motokaa ndogo ya umri huo, iliyokadiriwa shilingi 6,000,000 bandarini: ushuru wa forodha ni 1,500,000, wa uchakavu 2,250,000, na kodi ya ongezeko la thamani 1,755,000, jumla 5,505,000, bila kuhesabu tozo ndogondogo. Lau motokaa ya thamani hiyo hiyo ingalikuwa na umri wa miaka 7, ushuru wa uchakavu usingalikuwapo, na jumla ingalikuwa 2,850,000.

Basi ndani ya bei moja mna sehemu ambazo muuzaji hana mamlaka nazo, na mna sehemu ambazo ni zake: safari ya zaidi ya kilomita elfu moja kutoka bandarini, gharama za yadi, na faida. Mnunuzi asiyezitenga hubishana na ukuta pale penye kodi, akanyamaza pale penye faida.

Kwa kuwa nilikuwa sijalipa, siku ya tatu nilirudi yadini na karatasi. Mamlaka ya Mapato imeweka kikokotoo mtandaoni, ambamo mtu akitia aina ya motokaa, mwaka wa kutengenezwa na ukubwa wa injini huona kodi yake. Nikanakili, nikajumlisha nauli, nikamwekea muuzaji mezani. Hakukasirika. Aliisoma kimya, akasahihisha hesabu yangu ya usafirishaji ambayo kweli ilikuwa pungufu, kisha tukazungumza faida yake kwa insafu. Nikamwambia kadhalika kwamba motokaa ya gia za mkono ni adimu, lakini wanaoitaka nao ni adimu, na vumbi la kioo chake lilishuhudia kwamba imekaa juani muda mrefu. Uadimu usiotafutwa haupandishi thamani. Haikupita nusu saa tukapatana, kwa bei iliyo chini ya ile ya viapo.

Rai yangu, basi, ni kwamba kila yadi ibandike kiooni mwaka wa kutengenezwa, kilomita motokaa ilizotembea, thamani iliyokadiriwa forodhani na kodi iliyolipwa. Yuko atakayesema kwamba faida ni siri ya mfanyabiashara, na hilo silipingi. Faida ni haki yake, wala hana haja ya kuiandika popote. Lakini kodi si siri, kwa maana mwenye simu na elimu ya kuitumia anaiona leo. Anayefichwa ni mvuvi wa Luchelele au mama wa sokoni asiyejua pa kutazama, na siri inayowaangukia wanyonge peke yao haistahili kuitwa siri ya biashara.

Nasi wanunuzi tuna wajibu wetu. Yuko anayekubali kupunguziwa kwa sharti asipewe risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, akadhani amepata faida, kumbe ameuza ushahidi wake. Siku itakapodhihiri kwamba kilomita zilirudishwa nyuma, hana la kushika mkononi.

Muuzaji yule tungali tunasalimiana. Miezi michache baadaye mwenzangu, yule aliyeniuliza swali, alipotaka motokaa yake, nilimpeleka katika yadi ile ile, na kabla hajauliza bei akatolewa karatasi ya hesabu.