Kusema "Wameiharibu" Si Uhakiki

Jumamosi moja ya likizo niliabiri matatu kutoka Bungoma, nikapita Webuye, Kamukuywa na Kiminini hadi Kitale, kuitikia mwaliko wa walimu wenzangu wanne wa Kiswahili. Tulikuwa tumeagana kuitazama kwa pamoja filamu ya Vuta N'kuvute, iliyotokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi. Sote tulikuwa tumeisoma riwaya hiyo tangu siku zetu za chuo. Filamu haijafika hata nusu, mmoja wetu akatikisa kichwa na kusema, "Wameiharibu." Wawili wakaitikia. Mimi pia niliitikia, na tangu siku hiyo sijaacha kujiuliza nilikuwa nikiitikia nini.

Hapana shaka riwaya yenyewe ni johari. Ilichapishwa mwaka 1999, nayo yatupeleka Zanzibar ya zama za ukoloni. Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa angali mdogo kwa Bwana Raza, mwenye duka aliyetosha kuwa baba yake, anaikimbia ndoa hiyo na kukataliwa na jamaa zake. Anapata hifadhi Ng'ambo, kwa Mwajuma, mwimbaji wa taarabu. Huko ndiko anakokutana na Denge, kijana aliyesoma Urusi, mpigania uhuru anayesakwa usiku na mchana na askari wa mkoloni.

Mwongozaji Amil Shivji wa Tanzania aliigeuza kuwa filamu ya kama saa moja na nusu, ikazungumza Kiswahili. Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Septemba 2021 katika tamasha la filamu la Toronto, Kanada, ambako wahakiki waliusifu mno uzuri wa picha zake. Mwaka 2022 Tanzania iliiteua kuiwakilisha katika kuwania tuzo ya Oscar ya filamu za kimataifa, jambo ambalo nchi hiyo haikuwa imelifanya tangu mwaka 2001.

Wageni, basi, waliisifu. Sisi wenye lugha tulikuwa na mashtaka matatu. La kwanza, mambo ya Mombasa, yaliyopewa nafasi kubwa kitabuni, hayakupewa nafasi hiyo. La pili, mijadala ya Denge na wenzake imefupishwa mno. La tatu, filamu inakwenda polepole, ikipenda kutazama uso, dirisha au kichochoro wakati sisi tulitaka kisa kisonge. Ukiyapima mashtaka hayo utaona kwamba yote ni shtaka moja: filamu si kitabu. Lakini nani aliyetuahidi kwamba itakuwa kitabu?

Aliyetuzindua hakuwa mwalimu. Binti wa mwenyeji wetu, mwanafunzi wa kidato cha tatu ambaye hakuwa ameisoma riwaya, alikuwa ameketi nyuma yetu kimya. Filamu ilipokwisha, akauliza kwa adabu, "Samahani, Mwalimu. Kitabuni pia, anayemfundisha Yasmin kuishi ni Mwajuma, au ni Denge?"

Tulitazamana. Katika madaftari yetu ya chuo, Denge ndiye mwanamapinduzi, naye Mwajuma tulimtia katika orodha ya wahusika wasaidizi, tukampa mistari miwili. Filamu ilikuwa imempa Mwajuma sauti, tena sauti hasa, kwani anayemwigiza ni Siti Amina, ambaye ni mwimbaji wa taarabu katika maisha yake halisi. Kitabuni tunaambiwa kwamba Mwajuma anaimba, tunasadiki na kufunua ukurasa. Katika filamu hatuambiwi bali tunamsikia, na akishasikika hawezi tena kuwekwa pembeni.

Nilirudi Bungoma jioni ile nikaisoma riwaya upya. Naam, yote yalikuwamo. Mwajuma ndiye anayeitoa nyumba na kukigawa chakula. Mlango wake ndio unaopitiwa na mapenzi, na ndio huo huo unaopitiwa na siasa. Bila chumba kile cha Ng'ambo, Yasmin hana pa kukimbilia na Denge hana pa kumkutia. Nilikuwa nimeisoma riwaya hiyo mara nyingi bila ya kuliona hilo, hadi filamu tuliyoihukumu kuwa imeharibu kitabu iliponionyesha.

Kwa nini basi sisi walimu, tuliosomea uhakiki, tulikuwa wepesi wa kuhukumu na wazito wa kuona? Jibu langu ni kwamba mtihani umetufunza kutazama kwa jicho la karani. Karani hushika orodha mkononi akihesabu magunia: tukio hili limo, mhusika huyu hayumo. Kila msomaji wa ukurasa huu anajua vile vikundi vya waigizaji vinavyozunguka shuleni katika msimu wa vitabu teule. Bwalo hujaa, wanafunzi hucheka na kupiga makofi, na mwisho wa siku wengi huondoka wakiamini kwamba wameshasoma.

Sisemi haya kwa kuwanyoshea wengine kidole. Katika miaka ambayo Kidagaa Kimemwozea cha Ken Walibora kilikuwa kitabu teule, kati ya 2013 na 2017, kulikuwa na muhula mmoja uliotubana. Nikakata shauri kwamba maigizo yangeziba pengo la majuma matatu ya kusoma. Nilipowapa wanafunzi wangu mtihani wa majaribio, kadhaa wao walinieleza kwa ufasaha, tena kwa hati nzuri, tukio lililobuniwa na waigizaji ambalo halimo kitabuni. Niliziwekea karatasi zile alama za chini. Alama zile zilikuwa zangu mimi.

Kosa langu la mwaka ule na kosa letu la Kitale ni watoto wa mama mmoja. Kuyatumia maigizo mahali pa kitabu, na kuidharau filamu kwa kuwa si kitabu, yote mawili yatokana na imani kwamba kazi ya picha ni kurudia maandishi. Ikirudia, twaitumia kama njia ya mkato. Isiporudia, twasema imeharibu. Hatuachi nafasi ya tatu, nayo ndiyo yenye manufaa: kwamba mwongozaji ni msomaji kama sisi, naye ametuletea usomaji wake tuujadili.

Saa moja na nusu haiwezi kubeba riwaya nzima. Lazima kitu kiachwe. Kwa hiyo swali la mhakiki ni hili: amechagua nini, ameacha nini, na uchaguzi huo unasema nini juu ya kitabu? Mwenzetu mmoja pale Kitale alishikilia kwamba kuzifupisha siasa za Denge kumeupoza moto wa riwaya, na kwamba uzuri wa picha umekuwa pazia mbele ya udhalimu wa mkoloni. Nakubaliana naye kwa kiasi fulani. Lakini tazama tofauti: hiyo ni hoja. Inaweza kutetewa kwa mifano, na inaweza kupingwa. "Wameiharibu" haiwezi kutetewa wala kupingwa. Ni mlango unaofungwa.

Kuna sababu nyingine ya sisi wa Kenya kulichukua jambo hili kwa uzito. Kwa miaka mingi riwaya zilizopigwa filamu katika nchi yetu zilikuwa za wageni. Nowhere in Africa, ya mwaka 2001, ilitokana na kitabu cha Stefanie Zweig, ikatwaa Oscar mwaka 2003. The Constant Gardener, ya mwaka 2005, ilitokana na riwaya ya John le Carré, na sehemu zake zilipigwa Kibera na kando ya Ziwa Turkana. Sizibezi, zina ustadi wake. Lakini ndani yake sisi tulikuwa zaidi mandhari: uso nyuma ya dirisha la gari, mtoto anayekimbia njiani. Katika Vuta N'kuvute tumekuwa wenye nyumba. Mwenye nyumba ambaye hajui kuisifu nyumba yake, wala kuikosoa kwa hoja, atasubiri mgeni aje amwambie thamani yake.

Tena nyumba yetu ya huku ina hazina yake. Walibora, mwana wa nchi hii ya Bungoma na Trans Nzoia, aliyefariki mwaka 2020 na kuzikwa Cherang'any, alituachia Siku Njema, iliyochapishwa mwaka 1996. Kisa kinaanzia Tanga, kwa mama mwimbaji wa taarabu, na safari ya kijana anayemtafuta baba yake inafika Kitale hii hii. Mimi sijaiona kwenye filamu. Huwazia siku itakayopigwa: soko la Kitale, mahindi yaliyosimama pande zote za barabara, Mlima Elgon kwa mbali. Kisha huwazia jinsi tutakavyoipokea. Tutahesabu magunia tena?

Dawa haihitaji fedha nyingi. Kwanza, kitabu kitangulie. Darasa lisome kwanza, litazame baadaye, na mwalimu asikubali kamwe mpango huo ugeuzwe, hata muhula ukimbana kama ulivyonibana mimi. Pili, kila mwanafunzi aandike ukurasa mmoja kuhusu jambo moja lililobadilishwa, aeleze limeongeza nini au limepunguza nini, na arudi kitabuni kuleta ushahidi. Tatu, tuwatumie vijana wetu wanaotengeneza filamu fupi kwa ajili ya Tamasha la Kitaifa la Drama na Filamu. Wapewe sura moja ya riwaya waigeuze kuwa dakika kumi. Aliyewahi kukata kurasa ishirini zikawa dakika kumi hasemi tena kwa wepesi kwamba mwenziwe ameharibu.

Nilipoagana na wenyeji wangu Kitale, yule binti aliniomba nimwazime Vuta N'kuvute. Nilimwambia asubiri kidogo, nilitaka kuisoma mimi kwanza. Nimeshamaliza, na juma lijalo nitampelekea. Nimejikanya nisitie alama ya kalamu mahali popote, wala kumwambia ni nani mhusika mkuu.