Kichekesho Hukaa Sautini

Wapo walimu wanaoshikilia kwamba filamu za katuni ni mambo ya watoto, yasiyostahili hata kutajwa darasani. Kwa maoni yangu, wanawanyima wanafunzi somo kubwa la lugha: kwamba kichekesho aghalabu hakimo katika maneno, bali katika sauti inayoyatamka.

Mathalan, tuangalie katuni ya Marekani, Batman: The Animated Series, iliyoanza kuonyeshwa mwaka wa 1992. Katika kipindi kimoja cha mwaka huo kiitwacho Almost Got 'Im, kilichoandikwa na Paul Dini, wahalifu watano wanacheza karata huku wakisimuliana jinsi kila mmoja alivyokaribia kumwangamiza Batman. Penguin, aliyeigizwa na Paul Williams, anajitia usomi kwa maneno mazito. Joker, aliyeigizwa na Mark Hamill, anaipandisha na kuishusha sauti hata kicheko chake kinatisha. Inapofika zamu ya Killer Croc, jitu lenye ngozi kama ya mamba, anaanza kwa kututia hamu, kisha anasema tu kwamba alimrushia Batman jiwe. Kimya kinatanda. Wenzake wanamkodolea macho. Ndipo anapoongeza, kana kwamba anajitetea, kuwa jiwe lenyewe lilikuwa kubwa.

Yaandike maneno hayo ubaoni uone kama kuna atakayecheka. Kinachovunja mbavu ni kile kituo, pamoja na sauti nzito, isiyo na mzaha hata chembe, ya mwigizaji Aron Kincaid.

Si hayo tu. Mwishowe tunatambua kwamba huyo Croc ni Batman mwenyewe aliyejigeuza. Sauti inabadilika papo hapo, na tunamsikia Kevin Conroy, aliyefariki mwaka wa 2022. Kumbe mzaha uliotuchekesha kuliko yote ulitoka kwa mtu asiyefanya mzaha kamwe! Sauti ilikuwa barakoa yake.

Huenda mtu akauliza haya yanatuhusu nini. Yanatuhusu sana. Msimulizi wa ngano alijua tangu jadi mahali pa kunyamaza ili hadhira icheke. Lakini leo tamthilia husomwa kimyakimya kama ripoti ya mkutano, mwanafunzi akiwinda maudhui na tamathali za kujibia mtihani. Anaweza kufafanua kejeli kwa ufasaha, ila haitambui akiisikia.

Pendekezo langu si ghali wala halihitaji mtambo wowote. Kabla ya kuuliza swali lolote kuhusu mazungumzo ya tamthilia, mwalimu awape wanafunzi wawili wayasome kwa sauti, kisha wayarudie kwa kubadilisha vituo na kiimbo. Darasa litasikia maana ikigeuka bila neno hata moja kubadilishwa. Hapo ndipo uchambuzi uanzie.